Haki ya mlemavu wa akili isiishie Lodwar

Ni jambo la kusikitisha kwamba kila tunapotaja walemavu katika nchi hii, fikira zetu hukimbilia mtu mwenye mikongojo, aliye katika kiti cha magurudumu, asiyeona au asiyesikia. Hao wana haki ya kukumbukwa, na baadhi yao wameipigania haki hiyo kwa ujasiri mkubwa hadi wakaingia bungeni. Lakini yuko mlemavu mwingine ambaye hata katika mikutano ya walemavu wenzake hakumbukwi. Ni yule ambaye ulemavu wake umo katika ukuaji wa akili: aliyezaliwa na hali ya Down, mwenye usonji, mwenye mtindio wa ubongo, au aliyeshikwa na malaria kali au homa ya uti wa mgongo akiwa mchanga, akapona mwili lakini akabaki nyuma ya wenzake katika kusema, kuelewa na kujifunza.

Leo nataka kusema juu ya mtu huyo, na hasa yule aliyezaliwa mbali na miji. Nimeichagua wadi ya Nakalale, katika Turkana Kaskazini, kwa sababu nchi yetu ina desturi ya kupima maendeleo kwa kutazama Nairobi, na kaunti nazo zimeiga desturi hiyo kwa kutazama makao yao makuu. Huduma ikifika Lodwar, husemwa kuwa imefika Turkana. Ikifika Kakuma, husemwa kuwa imevuka mpaka. Lakini kaunti hii ni kubwa kupindukia. Kutoka Lodwar hadi Kakuma peke yake ni kilomita zipatazo 120 za barabara, na watu wengi hawakai kando ya barabara hiyo. Mama wa Nakalale aliye na mtoto wa miaka kumi asiyeweza kutembea wala kusema hana faida yoyote na mtaalamu aliyeketi ofisini Lodwar, kama hana nauli ya kumfikia wala mtu wa kumwachia mbuzi.

Kwanza, yafaa tuondoe mkanganyiko mmoja. Ulemavu wa akili si wazimu. Mgonjwa wa akili ni mtu ambaye aghalabu alikuwa na akili timamu, kisha akapatwa na maradhi ambayo yanaweza kutibiwa. Mwenye ulemavu wa akili amekua nao tangu utotoni, na hakuna dawa ya kuuondoa. Anachohitaji ni kufundishwa polepole, kusaidiwa pale anapokwama, na kuachwa afanye yale anayoyaweza. Tunapowachanganya watu wa aina hizi mbili, tunamkosea kila mmoja wao: mgonjwa ananyimwa tiba, na mlemavu anatafutiwa tiba isiyokuwepo hadi mbuzi wa familia wanakwisha kwa waganga.

Lugha yetu yenyewe haikumtendea haki mtu huyu. Tuna maneno mengi ya kumtaja, punguani, zezeta, taahira, na yote tumeyafanya matusi. Sheria nayo haikuwa bora. Kwa miaka mingi Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kutoka kwa wakoloni, katika kifungu chake cha 146, ilimtaja kwa maneno ya Kiingereza ambayo leo hakuna mzazi angependa kuyasikia yakisemwa juu ya mwanawe. Jina baya humtangulia mtu kila aendako. Mtoto aitwaye zezeta tangu alipoanza kutambaa, ni nani atakayefikiri kumfundisha kukama?

Je, watu hawa ni wangapi? Hapa ndipo tatizo linapoanzia. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata wakazi 926,976 katika kaunti ya Turkana. Kwa nchi nzima, hesabu hiyo ilionyesha kwamba walemavu wa kila aina ni asilimia 2.2 tu ya watu wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Watoto walio chini ya miaka mitano hawakuhesabiwa katika jedwali hilo, ilhali huo ndio umri ambao msaada wa mapema ungeleta tofauti kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Sasa linganisha na uchunguzi wa kitaalamu uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2006. Wachunguzi hawakuuliza tu mlangoni. Waliwapima watoto wenyewe wa miaka sita hadi tisa. Waligundua kwamba watoto wapatao 61 katika kila 1,000 walikuwa na kasoro za wastani au kubwa za ubongo na mishipa ya fahamu, zikiwemo kifafa, ulemavu wa akili, na kasoro za kusikia, kuona na kutembea. Najua kwamba hesabu hizi mbili hazikupima kitu kimoja, wala Kilifi si Turkana. Hata hivyo, zinatosha kutuonyesha kwamba karani anayeuliza swali mlangoni hapati jibu sawa na yule anayeingia ndani na kumtazama mtoto.

Na kwa nini mzazi amfiche? Wengi hukimbilia kusema kwamba ni ujinga na ushirikina. Mimi naonelea kwamba hilo ni jibu la mtu ambaye hajawahi kuchota maji mbali na nyumbani. Mwanamke wa sehemu kavu huondoka alfajiri kwenda kuchimba maji katika mchanga wa laga. Ana vibuyu au madumu, ana mtoto mchanga mgongoni, na ana huyu wa pili asiyejua hatari ya moto, ya kisima wala ya jua. Amchukue vipi? Amwache na nani? Kamba inayomfunga mtoto kwenye nguzo ya kibanda si lazima iwe imefungwa kwa chuki. Mara nyingi imefungwa na mtu aliyekosa mtu wa pili wa kumsaidia. Mwezi wa Oktoba 2020, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya kufungwa kwa watu wenye matatizo ya akili katika nchi zipatazo 60 duniani, na Kenya ilikuwa miongoni mwao. Kamba hiyo haitafunguliwa kwa kumkemea mama. Itafunguliwa akipata msaidizi.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya haya yote ni kujenga nyumba kubwa ya kuwatunzia watu hawa, pengine Lodwar, pengine Kitale, ili wazazi wapumzike na wataalamu wafanye kazi yao. Wazo hili lina huruma ndani yake, na kila mgeni mwenye fedha hulipenda kwa sababu jengo hupigwa picha. Lakini nchi tajiri zimekwisha kuipita njia hiyo, nasi tuna bahati ya kuweza kujifunza kwao bila kuumia. Huko New York, Marekani, kulikuwa na taasisi iliyoitwa Willowbrook. Ilijengwa kuwatunza watu 4,000 wenye ulemavu wa akili. Kufikia mwaka 1965 ilikuwa imesongamanisha zaidi ya 6,000. Mwaka 1972 runinga iliwaonyesha Wamarekani yaliyokuwa yakitendeka ndani: watoto walio uchi, uchafu, na mikono michache mno ya kuwahudumia. Taasisi hiyo ilifungwa kabisa mwaka 1987. Norwe nayo, nchi isiyojua njaa, ilianza mwaka 1991 kuzifunga taasisi zake kubwa na kukabidhi jukumu hilo kwa serikali za mitaa, ili mtu akae nyumbani katika mji wake na msaada umfuate huko huko.

Ikiwa wenye fedha walijenga, wakajuta, wakabomoa, sisi ambao hatujajenga tuna haja gani ya kuanza? Mtoto wa Nakalale akipelekwa kwenye bweni la mbali akiwa na miaka saba, atarudi akiwa na miaka ishirini hajui njia ya laga, hajui mbuzi wa baba yake, hajui hata vijana wa rika lake. Atakuwa amefundishwa kuishi mahali ambapo hataishi. Wazazi wake nao watakuwa wamezoea kuishi bila yeye.

Isitoshe, maisha ya jamii ya Waturkana yana misingi ambayo mataifa mengine yanatamani kuwa nayo. Chukua mfano wa mafungu mawili ya vizazi, Ngimoru na Ngirisae, yaani mawe na chui. Mwanamume wa Kiturkana haombi kuingia katika fungu lake, wala hafanyi mtihani. Baba akiwa jiwe, mwana huwa chui. Baba akiwa chui, mwana huwa jiwe. Anazaliwa na mahali pake. Kijana mwenye ulemavu wa akili naye, kwa hesabu hiyo, tayari ni jiwe au ni chui kama ndugu zake. Hakuna mzee awezaye kusema kwamba huyu hana upande. Swali langu kwa wazee ni hili: inapofika siku ya kuketi kwa mpango na kula nyama, je, kijana huyo huketishwa mahali pake, au huachwa nyuma bomani na watoto?

Vivyo hivyo katika kazi. Boma la mfugaji lina kazi nyingi, kubwa na ndogo, na hazihitaji wote wajue kusoma. Kuna kurudisha wana-mbuzi zizini, kukusanya kuni, kushika mbuzi anapokamwa, kuteka maji kutoka shimoni na kuyamimina katika birika ya mifugo, kukata na kuanika majani ya mkoma ya kusukia vikapu. Mtu anayejifunza polepole anaweza kujifunza kazi moja kati ya hizi, kisha ya pili, mradi awepo mtu wa kumwonyesha mara 50 badala ya mara tano. Mjini, asiyejua kusoma huonekana hana kazi mara moja. Bomani ana nafasi ya kuwa mtu wa maana.

Hapa ndipo ninapotaka tulielewe vyema neno kujitegemea. Wengi hudhani kwamba mtu anayejitegemea ni yule asiyesaidiwa na yeyote. Mtu wa namna hiyo hayupo. Mfugaji mwenye ngamia 50 hawezi kukaa malishoni peke yake; ndiyo maana Waturkana wana adakar, kundi la maboma yanayohama pamoja, kulinda mifugo pamoja na kugawana habari za maji na nyasi. Waswahili nao walisema kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo. Kujitegemea ni kuwa na nyenzo zinazokufaa na kuwa na sauti juu ya mahali mti unakopelekwa. Mlemavu wa akili anahitaji nyenzo nyingi kidogo kuliko mimi na wewe, lakini mti ni wake.

Na sheria inakubaliana na hayo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Kenya ikauridhia mwaka 2008. Kifungu chake cha 19 kinasema waziwazi kwamba mlemavu ana haki ya kuishi miongoni mwa jamii na kuchagua mahali pa kukaa sawa na wengine. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mlemavu haki ya kuheshimiwa, kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha, na kusoma katika taasisi zisizomtenga na jamii. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya lazima na ya bure, wala hakikuandikwa kwamba mtoto huyo lazima awe mwepesi wa kuelewa. Mwaka 2025 tulipata sheria mpya ya watu wenye ulemavu iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 2003. Kwa hiyo, msomaji, hatuna uhaba wa sheria. Tuna uhaba wa mtu wa kuichukua sheria kutoka Nairobi na kuifikisha Nakalale.

Basi na tufanye nini? Sipendi kulalamika bila kutoa shauri, kwa hivyo nitataja mambo machache ambayo, kwa maoni yangu, yanawezekana hata kwa mfuko mwembamba.

La kwanza ni kuwajua. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchini kote, kila mmoja akiwa na nyumba zake za kuzitembelea. Hao ndio watu wanaoingia ndani badala ya kuuliza mlangoni. Wafundishwe dalili chache zilizo wazi: mtoto asiyeketi kwa wakati wake, asiyegeuka anapoitwa, asiyetamka neno wakati wenzake wanapiga soga, anayeanguka kifafa. Waandike majina yake na mahali lilipo boma, na orodha hiyo ifike kwa chifu na kwa kaunti.

La pili, wataalamu wasafiri. Ili mlemavu aandikishwe na baraza la kitaifa la walemavu, lazima apimwe na madaktari. Ili mtoto apangiwe shule inayomfaa, lazima aonekane na wataalamu wa vituo vya kupima mahitaji maalumu ya elimu, vituo ambavyo nchi hii imekuwa navyo tangu mwaka 1984. Sasa nauliza: maradhi ya mbuzi yanapozuka, je, tunawaambia wafugaji waswage mbuzi wote hadi Lodwar wakachanjwe? La hasha. Daktari wa mifugo hupanda gari na kuwafuata malishoni. Tukiweza kumfuata mbuzi, kutatushinda nini kumfuata mtoto? Mara mbili kwa mwaka tu, gari moja lenye daktari, mwalimu wa elimu maalumu na karani wa usajili lingeweza kuzunguka wadi za mbali na kumaliza kwa siku moja kazi ambayo sasa humgharimu mama safari tatu.

La tatu ni elimu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, umeweka njia ya pekee kwa wanafunzi wasioweza kufuata masomo ya kawaida. Mwanafunzi hupanda kwa hatua, kutoka msingi hadi kati, kisha maandalizi ya kazi na hatimaye kazi yenyewe, kwa kadiri anavyoweza na bila kufukuzwa na umri wake. Huo ni mpango mzuri, lakini usiwe wa shule maalumu za mijini pekee. Darasa moja katika shule ya msingi iliyo karibu, na mwalimu mmoja aliyepata mafunzo, latosha kuanzia. Na kazi zinazofundishwa ziwe za mahali hapo. Kumfundisha kijana wa Nakalale kufuma sweta, na kuacha kumfundisha kuhesabu mbuzi wanaporudi jioni, ni kupoteza wakati wake na fedha zetu.

La nne ni fedha. Chini ya mpango wa Inua Jamii, serikali hutoa Sh2,000 kwa mwezi kwa jamaa zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Fedha hizo hupokewa na mlezi, na mara nyingi hilo haliepukiki. Lakini yafaa ifahamike bomani kwamba ni fedha za mlemavu, na kwamba ana haki ya kuona zinavyotumika. Hata asipojua thamani ya noti, anajua ikiwa amekula na ikiwa ana shuka la kujifunika. Nashauri pia kwamba, inapowezekana, sehemu ya fedha hizo igeuzwe mbuzi jike mmoja aliye wa mlemavu mwenyewe, ajulikane kwa alama ya sikio kuwa ni wake. Katika jamii ya wafugaji, mtu mwenye mnyama hupewa sikio anapotaka kusema.

La tano ni sauti yake katika mambo ya umma. Katiba, katika kifungu cha 83, inamzuia kupiga kura mtu ambaye ametangazwa kuwa hana akili timamu. Wengi wamelisoma neno hilo kwa haraka. Ametangazwa, yaani na chombo cha sheria. Hajatangazwa na mjomba wake, wala na karani wa uandikishaji anayemtazama usoni akaamua. Mtu mzima mwenye hali ya Down ambaye hakuna aliyemtangaza hivyo ana haki ya kitambulisho na ya kura, na anaweza kusindikizwa na mtu anayemwamini ili amsaidie. Mtu asiyekuwa na kitambulisho hayumo katika hesabu ya mwanasiasa yeyote, na asiyekuwa katika hesabu ya mwanasiasa hachimbiwi kisima.

La mwisho ni ushirikiano na wakimbizi. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na kwa miaka hii yote mashirika yamepata uzoefu mkubwa huko. Shirika la Jesuit Refugee Service, kwa mfano, limewahi kuendesha kambini vituo vya kutwa kwa watoto wenye ulemavu wa akili: mtoto anakwenda asubuhi, anafundishwa kula, kujiosha na kucheza na wenzake, na jioni analala kwao. Hilo ndilo jambo ambalo mama wa laga anahitaji, mikono ya pili kwa saa chache. Tangu makao ya Kalobeyei yalipoanza mnamo mwaka 2016, tumeambiwa kwamba wakimbizi na wenyeji watatumia shule na hospitali pamoja. Shauri hilo ni jema. Basi lihusu pia vituo vya namna hii, na maarifa yaliyopatikana kambini yavuke ua yaende kwa wenyeji, kwa sababu mfadhili anaweza kuondoka kesho, lakini mwalimu wa Kiturkana aliyejifunza kazi hiyo atabaki.

Wazazi nao wasingoje kuitwa. Nairobi, chama cha wazazi na watu wenye ulemavu wa akili kimekuwa kikipaza sauti tangu miaka ya tisini. Zanzibar, jumuiya ya ZAPDD imewakusanya wazazi na vijana wenyewe, ikafanya kazi bega kwa bega na serikali hadi watoto wao wakaketi katika madarasa ya shule za kawaida. Vyama hivi havikuanzishwa na matajiri. Vilianzishwa na watu waliogundua kwamba jirani naye ana mtoto kama wao. Kina mama watano wa Nakalale wakikubaliana kupokezana zamu, mmoja akabaki na watoto wote watano wakati wanne wanakwenda majini, watakuwa wameanzisha kituo cha kutwa bila kusubiri mfadhili.

Najua pingamizi lililo midomoni mwa wengi. Watasema: Turkana ina ukame, mifugo inakufa, watu wenye afya wanalala na njaa, na wewe unatuletea habari za walemavu wa akili? Ndugu zangu, njaa haimsubiri mlemavu ashibe ndipo imguse. Chakula kinapopungua, sahani ya asiyeweza kudai ndiyo hupungua kwanza. Boma linapohama ghafla, asiyeweza kutembea ndiye huachwa na bibi mzee. Kwa hivyo kumkumbuka mlemavu hakungoji ukame uishe. Wakati wa ukame ndio wakati wa kujua yuko wapi.

Wengine watasema kwamba watu hawa wanahitaji ulinzi kuliko uhuru, kwani wakiachwa watembee watadanganywa, wasichana watadhulumiwa. Hatari hiyo ipo, na sheria lazima iwe kali kwa wadhalimu. Lakini tujiulize kwa dhati ni nani anayedhulumiwa kwa urahisi zaidi: msichana anayejulikana na duka zima, na darasa zima, na kila mwanamke kisimani, au yule aliyefichwa kibandani ambaye hata jina lake halijulikani na jirani? Macho mengi ni ulinzi mkubwa kuliko ukuta. Msichana huyo afundishwe kusema hapana, na watu wazoee kumsikiliza anaposema.

Wahenga walisema kabla hujafa hujaumbika. Sote tuko njiani. Ajali moja ya barabarani, homa moja ya mtoto, uzazi mmoja mgumu usiku mbali na hospitali, na jambo hili linaingia nyumbani kwako. Lakini nisingependa tutende haki kwa hofu peke yake. Tuitende kwa sababu mtu huyu tayari ni wetu. Ana baba, ana fungu la kizazi, ana jina.

Kwa hiyo namwomba kila chifu wa Turkana, na wa Nakalale hasa, afanye jambo moja dogo katika baraza lake lijalo. Baada ya kuzungumza juu ya maji, usalama na chakula cha msaada, awaulize wazee na kina mama: katika maboma yenu, ni nani hakuja leo kwa sababu tunadhani haelewi? Yaandikwe majina yao. Na katika baraza litakalofuata, waletwe, wapewe kivuli na mahali pa kuketi pamoja na watu wengine. Serikali ya kaunti ikipokea orodha hiyo isiwe na kisingizio tena kwamba haikujua, nasi waandishi tutaiuliza imefanya nini.